Kikombe Kimoja ni Gramu Ngapi?

Anayejifunza kuoka kwa kufuata maelekezo ya ng'ambo hachelewi kuuliza swali hili. Umepata kitabu cha keki kilichochapwa Marekani, au ndugu yako aliyeko Minnesota amekutumia resipi ya mikate ya mdalasini, yaani orodha ya viungo pamoja na namna ya kuvipika. Kila mstari unasema kikombe: vikombe viwili vya unga, robo tatu ya kikombe cha sukari, theluthi ya kikombe cha mafuta. Jikoni kwako una mizani inayosoma gramu. Au mambo ni kinyume chake: kitabu ni cha Kiingereza, kinataka gramu 225 za unga, nawe huna mizani, una vikombe tu. Basi unauliza: kikombe kimoja ni gramu ngapi?

Jibu ni swali jingine: kikombe cha nini?

Kikombe cha kupimia cha Kimarekani kikijazwa asali, asali hiyo ina uzito wa gramu 340 hivi. Kikijazwa sukari nyeupe, ni gramu 200. Kikijazwa unga wa ngano, ni kama gramu 125. Kikijazwa oti za kupikia uji, ni gramu 90 tu. Kikombe ni kilekile. Asali imeshikamana na haina upenyo, unga una hewa katikati ya chembe zake, na oti zina hewa zaidi.

Maneno mawili yatatusaidia katika sura hii yote. Ujazo ni nafasi ambayo kitu kinaichukua, nao hupimwa kwa kikombe, kijiko, painti, lita au mililita. Uzito ni jinsi kitu kinavyolemea mizani, nao hupimwa kwa gramu, kilo, wakia au ratili. Mpishi wa Marekani hupima unga na sukari kwa ujazo. Mpishi wa Uingereza huvipima kwa uzito. Kwa hiyo kutoa resipi upande mmoja kuipeleka upande wa pili ni kuhama kutoka aina moja ya kipimo kwenda nyingine, na kila kiungo kina namba yake. Ukipewa namba moja ya kugeuza vikombe vyote kuwa gramu, usiitumie. Itafaa kwa maji na kukuharibia kila kitu kingine.

Swali la pishi

Waislamu wa Afrika Mashariki hulizungumza jambo hilihili kila Ramadhani inapokaribia kwisha. Zaka ya fitri hutajwa kwa pishi, na pishi ni kipimo cha ujazo: vibaba vinne hufanya pishi moja. Watu wananunua mchele kwa kilo, kwa hiyo wanauliza pishi ni kilo ngapi, na wanaojibu hutaja kilo mbili na nusu au zaidi, kwa kuwa pishi ya mchele na pishi ya unga hazina uzito mmoja. Aliyewahi kulifikiria hilo amekwisha kuelewa nusu ya tatizo la kikombe cha Marekani.

Nusu ya pili nayo ilijulikana pwani zamani. Wauza nafaka walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kikafanya kilima juu, na kibaba cha mfuto, kilichopitishwa ubao juu yake hadi kikawa sawa na ukingo. Nitayatumia maneno haya mawili, mfuto na tele, kwa sababu yanasema kwa usahihi kile ambacho vitabu vya upishi hutumia mistari mitatu kukieleza.

Huko Boston, Marekani, mwalimu wa upishi aitwaye Fannie Farmer alilifanya hilo kuwa sheria. Kitabu chake cha mwaka 1896, The Boston Cooking-School Cook Book, kilisisitiza kwamba kikombe na kijiko vipimwe kwa mfuto kila mara. Kabla ya hapo resipi nyingi za Kimarekani zilisema mambo kama "siagi ya ukubwa wa yai". Farmer aliwapa wapishi wa nyumbani kipimo kilichoweza kurudiwa leo na kesho bila kununua mizani, na kitabu chake kikaenea nchi nzima. Namheshimu kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kwa unga, mfuto pekee hautoshi, na tutaona sababu.

Galoni mbili, painti mbili

Kabla ya kufika kwenye unga, tumalize habari ya vimiminika, maana hapo Waingereza na Wamarekani hutumia majina yaleyale kwa vitu tofauti.

Walipokuwa koloni la Uingereza, Wamarekani walitumia vipimo vya Waingereza. Kimojawapo kilikuwa galoni ya mvinyo, iliyowekwa kisheria mwaka 1707 wakati wa Malkia Anne. Marekani ilipojitawala ikabaki nayo, na ndiyo galoni yake hadi sasa: lita 3.785. Uingereza yenyewe ikaiacha. Sheria ya mwaka 1824 ilileta galoni mpya, iliyofafanuliwa kuwa nafasi inayochukuliwa na ratili kumi za maji, nayo ni lita 4.546. Wamarekani hawakuifuata.

Painti ni sehemu ya nane ya galoni, kwa hiyo nayo ikagawanyika. Painti ya Marekani ni mililita 473. Painti ya Uingereza ni mililita 568. Resipi ya zamani ya Kiingereza ikitaka nusu painti ya maziwa, inataka mililita 284. Ukitumia nusu painti ya Kimarekani utatia 237, na donge lako litakosa mililita 47, yaani zaidi ya vijiko vitatu vya chakula. Mkate utakaza na utashangaa kwa nini.

Wakia nayo ina mtego wake. Kuna wakia ya uzito, inayoandikwa "oz", ambayo ni gramu 28.35 kote Marekani na Uingereza. Ratili, inayoandikwa "lb", ina wakia 16, sawa na gramu 453.6, na tangu makubaliano ya mwaka 1959 haina tofauti kati ya nchi hizo. Kisha kuna wakia ya kimiminika, inayoandikwa "fl oz", ambayo ni kipimo cha ujazo. Ile ya Marekani ni mililita 29.6 na ile ya Uingereza ni 28.4. Tofauti yake kwa wakia moja ni ndogo mno hata mpishi asiijali. Painti ndizo zinazoachana sana, kwa sababu painti ya Marekani ina wakia 16 na ya Uingereza ina 20.

Kwa ufupi: uzito ni uleule pande zote mbili. Ujazo mkubwa, kama painti na galoni, ndio unaotofautiana. Ukiona "oz" karibu na unga au jibini, shika mizani. Ukiona "fl oz" karibu na maziwa, shika jagi.

Kikombe kipi?

Kikombe cha kupimia si kikombe cha chai kilichoko kabatini. Ni chombo chenye ujazo maalumu, na ujazo huo hutegemea nchi:

- Marekani: mililita 237. Kwenye maelezo ya lishe ya pakiti za vyakula huhesabiwa 240.
- Australia, Kanada na Afrika Kusini: mililita 250. Hiki huitwa kikombe cha metriki.
- Uingereza ya zamani: mililita 284, yaani nusu painti. Utakikuta katika vitabu vikuukuu tu.
- Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na jiko la umeme la kupikia wali: mara nyingi mililita 180, kwa sababu kinafuata kipimo cha mchele cha Kijapani.

Hicho cha mwisho kimewachanganya wengi, kwa sababu ndicho chombo pekee chenye mistari ya kupimia katika nyumba nyingi. Kiacheni kwa mchele.

Je, tofauti kati ya 237 na 250 ina maana? Kwa kikombe kimoja, ni mililita 13, chini ya kijiko kimoja cha chakula. Maandazi hayatalalamika. Kwa vikombe vitatu vya unga utakuwa umezidisha karibu vijiko vitatu, na keki laini itaanza kuwa kavu. Kwa kikombe cha 284 dhidi ya 237, tofauti ni moja ya tano, na hiyo hakuna keki inayoivumilia.

Lakini iko hali ambamo ukubwa wa kikombe hauna umuhimu wowote, nayo inafaa kueleweka vizuri. Resipi ikiwa imepima kila kitu kwa kikombe, unachohitaji ni uwiano, yaani kiungo kimoja ni mara ngapi ya kingine. Unga vikombe viwili, maziwa kikombe kimoja na nusu, mafuta robo kikombe: pima vyote kwa kikombe kimoja kilekile, hata kama ni bilauri ya mililita 200, na donge litakuwa lilelile, pungufu kidogo tu. Kikombe kinageuka kuwa mtego pale panapotajwa kitu kisichopimwa kwa kikombe. Yai halipungui kwa sababu bilauri yako ni ndogo. Pakiti ya hamira haipungui. Kopo la maziwa mazito halipungui. Kwa hiyo isome resipi yote kwanza. Ikiwa na yai moja dhidi ya vikombe viwili vya unga, bilauri yoyote itakuvusha. Ikiwa na mayai manne, tafuta kikombe cha kweli.

Huna kikombe cha kweli na una mizani? Weka chombo juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha mimina maji mpaka isome gramu 237. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, basi pale maji yalipofika ndipo penye kikombe cha Marekani. Chora mstari kwa rangi isiyofutika.

Unga, kiungo chenye matatizo kuliko vyote

Mtu mmoja anachota unga kwa kutumbukiza kikombe ndani ya mfuko, anakibana ukutani mwa mfuko, kisha anafuta juu kwa kisu. Mwingine anautikisa unga kwanza, anaujaza kikombeni kwa kijiko taratibu, kisha anafuta kwa kisu hichohicho. Wote wawili wamepima kikombe cha mfuto. Wa kwanza anaweza kupata gramu 150. Wa pili atapata gramu 120 au 125.

Kwa vikombe vitatu, wa kwanza ana gramu 450 na wa pili ana 370 hivi. Tofauti ya gramu 80 inatosha kugeuza keki kuwa kitu kinachohitaji chai ili kimezeke. Hii ndiyo sababu nashauri, bila kusita, kwamba anayeoka zaidi ya mara moja kwa mwezi anunue mizani ya kidijitali kabla ya kununua mashine ya kupigia keki. Hakuna kifaa kingine cha jikoni chenye bei ndogo kinachorekebisha makosa mengi kama hicho.

Resipi nyingi za Marekani hukusudia njia ya pili, ya kijiko, lakini si zote husema hivyo. Ukikosa maelezo, tumia gramu 125 kwa kikombe. Chunguza pia mpangilio wa maneno kuhusu kuchekecha. "Vikombe viwili vya unga uliochekechwa" maana yake chekecha kwanza, halafu pima, na unga uliojaa hewa utakuwa mwepesi zaidi. "Vikombe viwili vya unga, uchekeche" maana yake pima kwanza, halafu chekecha. Neno limesogea hatua chache tu, na unga umebadilika kwa gramu nyingi.

Sukari ya kahawia ina desturi yake: Wamarekani huishindilia kikombeni mpaka ikikong'otwa itoke na umbo la kikombe. Usiposhindilia utapungukiwa.

Hizi ni gramu za kikombe kimoja cha Marekani. Zimekadiriwa ili zikae kichwani:

- Unga wa ngano mweupe: 125
- Sukari nyeupe: 200
- Sukari ya kahawia iliyoshindiliwa: 215
- Sukari laini ya kupambia keki: 120
- Kakao ya unga: 85
- Oti: 90
- Siagi: 227
- Mafuta ya kupikia: 218
- Maziwa: 245
- Asali: 340

Siagi ya Marekani huuzwa katika vipande virefu, na resipi huhesabu kwa vipande hivyo, vinavyoitwa "stick". Kipande kimoja ni wakia 4, yaani gramu 113, sawa na nusu kikombe. Pakiti ya kwetu ya gramu 250 ukiikata katikati unapata 125, imezidi kwa gramu 12. Punguza karibu kijiko kimoja cha chakula na utakuwa sawa.

Kwa vitabu vya Uingereza, ugumu ni mwingine. Nchi hiyo ilianza rasmi kuhamia metriki mwaka 1965, na wachapishaji wakaanza kuandika safu mbili, wakia na gramu, bega kwa bega. Gramu 28.35 hazipimiki kwa urahisi, kwa hiyo wengine waliifanya wakia moja kuwa gramu 25 na wengine 30. Ndiyo maana wakia 4 ni gramu 100 katika kitabu hiki na gramu 120 katika kile. Hakuna aliyekosea, maana kila safu ndani ya kitabu chake imepangwa ijitosheleze. Ukianza na gramu, endelea na gramu hadi mwisho. Anayepima unga kwa safu moja na sukari kwa nyingine anavunja uwiano ambao mwandishi aliulinda.

Vijiko na chumvi

Hapa kuna nafuu. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5 na kijiko cha chakula ni mililita 15, Marekani na Uingereza, ukiacha tofauti ndogo isiyohisiwa. Vijiko vitatu vya chai ni kimoja cha chakula, na vijiko 16 vya chakula ni kikombe cha Marekani. Australia pekee ndiyo yenye kijiko cha chakula cha mililita 20, basi angalia kitabu kimetoka wapi.

Hatari iko katika vifupisho. "Tsp" ni kijiko cha chai, "tbsp" ni cha chakula. Vitabu vingine huandika t ndogo kwa cha chai na T kubwa kwa cha chakula. Ukizichanganya, beking soda itaingia mara tatu ya inavyotakiwa, na keki itakuwa na ladha ya sabuni.

Vijiko vya kulia havina ujazo maalumu. Cha kwako kinaweza kuwa na mililita 10 au 18. Kama huna seti ya kupimia, duka la dawa lina jibu: bomba la kunyweshea mtoto dawa la mililita 5 ni kijiko cha chai kamili. Vuta maji, yamimine katika kijiko chako, uone yamefika wapi. Resipi za zamani za Kiingereza ziliacha kijiko kiwe cha tele, tena huenda mwandishi asitaje. Mwandishi wa Kimarekani baada ya Farmer hukusudia mfuto.

Chumvi inataka uangalifu wake. Resipi nyingi za Marekani hutaja chumvi ya chembe kubwa iitwayo "kosher". Aina nyepesi ya chumvi hiyo ina gramu 3 hivi kwa kijiko cha chai, wakati chumvi laini ya mezani ina gramu 6. Ukiona jina hilo nawe una chumvi ya kawaida, tia nusu, onja, kisha ongeza.

Moto wa oveni

Resipi ya Marekani inaposema 350, haisemi Selsiasi. Inasema Farenhaiti, kipimo cha joto ambacho ndani yake maji huganda kwa nyuzi 32 na kuchemka kwa nyuzi 212. Katika Selsiasi, kipimo tunachokitumia sisi, maji huganda kwa sifuri na kuchemka kwa 100. Ili kugeuza, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Nyuzi 350 zinakuwa 177, nasi huzungusha kitufe hadi 180.

Kuna njia ya haraka inayotosha jikoni: gawa Farenhaiti kwa mbili, kisha pandisha hadi kumi inayofuata. Nyuzi 350 kwa mbili ni 175, pandisha, 180. Nyuzi 375 zinatoa 187, pandisha, 190. Nyuzi 425 zinatoa 212, pandisha, 220. Njia hii inafaa kwa joto la kuokea tu. Usiitumie kupima homa.

Waingereza wana namba zao za gesi. Tangu miaka ya 1920, majiko yao ya gesi yaliwekewa kitufe cha namba, na resipi zao nyingi bado huziandika. Namba 1 ni Farenhaiti 275, na kila namba huongeza nyuzi 25. Basi:

- Namba 2: Farenhaiti 300, Selsiasi 150, kwa vitu vinavyokauka polepole
- Namba 4: Farenhaiti 350, Selsiasi 180, kwa keki nyingi
- Namba 6: Farenhaiti 400, Selsiasi 200, kwa biskuti za chai na mikate midogo
- Namba 8: Farenhaiti 450, Selsiasi 230, kwa mkate unaotaka ganda gumu

Oveni yenye feni hupeleka joto kwa nguvu zaidi, kwa hiyo punguza nyuzi 20 za Selsiasi. Vitabu vipya vya Uingereza hutaja joto la feni na lisilo la feni pamoja. Vya Marekani kwa kawaida hutaja moja tu, nalo ni la oveni isiyo na feni.

Yai, krimu na unga wenye jina lilelile

Unaweza kupima vizuri kabisa ukakosea bado, kwa sababu kiungo chenyewe si kilekile. Yai kubwa la Marekani lina wastani wa gramu 57 na ganda lake. Yai kubwa la Uingereza lina gramu 63 hadi 73. Kwa mayai manne, tofauti inakaribia yai zima. Yai la wastani la Uingereza, gramu 53 hadi 63, ndilo linalolingana na kubwa la Marekani. Mayai ya kuku wa kienyeji mara nyingi ni madogo kuliko hayo yote, basi yapime. Vunja, pima bila ganda, na uhesabu gramu 50 kwa kila yai kubwa la Marekani.

Krimu nzito ya Uingereza ina mafuta asilimia 48, ya Marekani ni asilimia 36 hivi. Ya Uingereza huganda upesi inapopigwa, kwa hiyo isimamie kwa makini.

Neno "cornflour" katika kitabu cha Kiingereza ni ule wanga mweupe, laini kabisa, unaotiwa kwenye mchuzi ili uwe mzito. Wamarekani wanauita "cornstarch". Kwao "corn flour" ni unga wa mahindi uliosagwa laini, ndugu wa unga wetu wa sembe. Ukitia sembe katika kastadi hutapata kastadi.

Unga unaoumuka wenyewe, ambao Waingereza huupenda kwa keki, unatengenezeka nyumbani: gramu 150 za unga wa kawaida kwa vijiko viwili vya chai vya beking pauda, changanya vizuri. Ule wa Marekani huja na chumvi tayari ndani yake, kwa hiyo resipi ya huko inayoutumia inaweza isitaje chumvi popote.

Tugeuze resipi moja

Chukua keki ya maziwa ya Kimarekani: unga vikombe 2 na robo, sukari kikombe 1 na nusu, siagi vipande 2, mayai makubwa 4, maziwa kikombe 1, beking pauda kijiko 1 cha chakula, chumvi ya mezani nusu kijiko cha chai. Oveni 350. Vyombo viwili vya mviringo vya inchi 9.

Unga: 2.25 mara 125 ni gramu 281, andika 280. Sukari: 1.5 mara 200 ni gramu 300. Siagi: gramu 113 mara mbili ni 226, andika 225. Mayai: manne, au gramu 200 bila ganda. Maziwa: mililita 240. Vijiko vinabaki vilevile. Joto: Selsiasi 180, au 160 kwa feni. Inchi moja ni sentimita 2.54, basi vyombo ni vya sentimita 23.

Andika namba hizo kwa kalamu pembeni mwa resipi, ili usirudie hesabu. Hazihitaji desimali. Oveni ya nyumbani yenyewe hupanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, na gramu moja ya unga haitaonekana. Lakini beking soda, hamira na chumvi usizikadirie kwa macho, kwa sababu kiasi chake ni kidogo na kosa dogo ndani yake ni kubwa.

Chombo cha kuokea hupuuzwa na wengi. Vitabu vya Uingereza hupenda chombo cha inchi 8, vya Marekani cha inchi 9, na inchi moja huonekana si kitu. Piga hesabu ya eneo: 8 mara 8 ni 64, 9 mara 9 ni 81. Chombo kikubwa kina nafasi zaidi ya robo ya ziada. Rojo la chombo cha inchi 8 likimiminwa katika cha inchi 9, keki inakuwa nyembamba na kuiva mapema, basi anza kuichoma kwa kijiti dakika kumi kabla ya muda uliotajwa. Ukifanya kinyume, usijaze chombo kupita theluthi mbili, na rojo linalobaki lioke pembeni katika vikombe vidogo vya karatasi.